Sifuri Mbili

Nimetandaza karatasi za manjano
chini ya mitende ya bi Ghaniya, hapa Samail,
ng'ambo ya falaji, maji yanakogawiwa kwa zamu.
Dubasi, mdudu mdogo kuliko punje ya mchele,
hufyonza kule juu, hudondosha utamu huku chini,
na kila tone huacha doa la buluu.
Mimi wa idara ya kilimo. Kazi yangu madoa.

Sifuri. Sifuri. Arobaini na moja.
Sifuri. Mbili. Sifuri. Sifuri.
Hamsini na sita. Sifuri.

Mozammel anasoma, mimi naandika.
"Bibi, hii haina kitu. Niitupe?"
Usiitupe. Hata kisichokuwepo kina safu yake.

Jumlisha, gawa kwa tisa: kumi na moja.
Na hakuna mtende hata mmoja wenye kumi na moja.
Wastani ni mgeni aliyealikwa na wote
akakosa pa kulala.

Usiku, nyumba ya wageni, kiyoyozi kinakoroma,
najaribu kanuni moja kwa shamba zima,
ile idhaniayo matone huja kama rasharasha,
popote, kwa yeyote, bila upendeleo.
Kanuni inaniahidi sifuri karibu na hakuna.
Mimi ninazo sita, zinanikodolea macho.

Mchele mmoja mapishi mbalimbali, tumezoea kusema.
Mimi nimepakuliwa wali mmoja
wenye michele mbalimbali.

Basi nakisia nani wa kundi gani.
Kwa kisio hilo nayapima makundi,
kwa vipimo hivyo narudi kukisia,
ungo unakwenda, ungo unarudi,
ila hapa chuya hazirukii nje:
kila punje inabaki na mgao wake,
robo chuya, robo tatu mchele,
na mashine haioni haya kusema hivyo.

Ipo sifuri ya mtende usioguswa:
dubasi hawajaupanda, ungoje hata mwaka.
Na ipo sifuri ya bahati:
wamejaa tele kwenye makuti,
ila siku ile upepo ulipeleka matone kando.
Kwenye karatasi ni pacha, kanzu moja, kofia moja.
Dawa inamhusu mmoja tu.

Asubuhi bi Ghaniya analeta kahawa na mkate wa ufuta.
Amezaliwa Wete, alifika na sanduku la bati.
"Mimi wamenihesabu mara tatu," anasema,
"na kila mara wameniweka safu nyengine."
Namweleza zile sifuri mbili. Hacheki.
Anaingia ndani, anatoka na daftari la deni la maziwa;
nyuma yake ameandika simu, mwezi kwa mwezi.

Mbarouk wa Wete: sifuri, sifuri, sifuri.
"Huyu kaka yangu, yuko kaburini. Sikuweza kumfuta."
Rayya wa Sharjah: moja, sifuri, sifuri,
sita mwezi wa Ramadhani,
kisha sifuri, sifuri, sifuri, sifuri.
Kidole chake kimesimama hapo.
"Hii ya mwanangu ni sifuri gani?"

Nikamwambia: aliyewahi kupiga japo mara moja
hawezi kuwa wa kundi la wasiopiga kamwe.
Ni kweli. Iko kwenye kanuni, mstari wa pili.
Akashusha pumzi, akanimiminia kikombe kingine.

Sikumwambia kwamba kanuni hiyo inadhani
aliye kundi hili leo ndiye wa kundi hili kesho,
kwamba hakuna anayehama usiku.
Hilo sikulipima. Nililiandika tu,
ili hesabu ipate pa kuanzia.

Huko mitendeni Mozammel anaita.
Karatasi ya kumi, tuliyoisahau jana kando ya falaji:
"Doa moja, bibi!"
Kisha kimya.
"Au ni maji?"